Kabla hujalipia mfumo wa duka au kikoba, uliza siku mambo yakibadilika itakuwaje

Karani Mkongwe (mleta uzi)

Kwema wakuu?

Kila baada ya siku chache hapa kuna mtu anauliza mfumo gani mzuri wa duka, na majibu ni yale yale: chukua huu una ripoti nyingi, chukua ule una Kiswahili, ule mwingine unapiga kazi hata bando likiisha. Sijaona anayemuuliza mwenye duka biashara yake inakwendaje, sembuse mwakani anategemea iweje. Kazi yangu ni kufunga mifumo kwenye maduka, vikoba na zahanati ndogo, Dar na Morogoro, halafu kurudi baadaye kutazama kilichokwama. Huko kwenye kurudi ndiko kwenye mafunzo, basi niseme ninachokutana nacho.

Mifumo mingi inayotelekezwa haikuwa mibovu siku iliponunuliwa. Mtumiaji amesogea, yenyewe imebaki pale pale. Jambo hili lina umri. Meir Lehman, mtafiti aliyechunguza programu kubwa za IBM, alilisema tangu mwaka 1974: programu inayotumika ndani ya shughuli za watu lazima irekebishwe mfululizo, la sivyo manufaa yake yanapungua kadiri siku zinavyokwenda. Na kinachokoroga zaidi ni kwamba programu yenyewe inambadilisha mtumiaji. Mwenye duka ambaye jana alikuwa hajui kauza shilingi ngapi, ukimpa ripoti ya mauzo leo, kesho anataka kujua bidhaa ipi imelala stoo, keshokutwa anauliza kijana gani wa kaunta anatoa punguzo kupita kiasi. Maswali hayo hakuwa nayo ulipokaa naye kuandika mahitaji, kwa hiyo msilaumu karatasi ya mahitaji.

Chukueni duka la vifaa vya ujenzi. Mifumo mingi ya mauzo imetungwa kwa kufikiria supamaketi: mteja analipa, anachukua, anaondoka. Kwa muuza simenti mambo hayaendi hivyo. Watu wetu wanajenga taratibu. Mtu analeta laki mbili mwezi huu, anasema niwekee, mwezi ujao anaongeza, zikitimia anabeba bati zake. Mwingine kalipia mifuko 50, kachukua 10, 40 anakuachia kwa sababu saiti hakuna stoo wala mlinzi. Hiyo simenti ipo kwako lakini si yako. Mfumo unamwambia kijana kuna mifuko 40, kijana anauza. Jumamosi mwenye mzigo anatokea na kenta na vibarua.

Sasa tazameni wauzaji wanavyojiokoa. Hawauachi mfumo, wanaanza kuudanganya. Nimekuta mteja aliyesajiliwa kwa jina la "ZZ SIMENTI ZA WATU", hiyo ZZ ni ili akae mwisho wa orodha apatikane haraka. Nimekuta bidhaa inaitwa "Simenti imelipiwa", bei yake shilingi 1 kwa kuwa mfumo ulikataa sifuri. Na kwenye sehemu ya Maelezo kuna riwaya nzima: "kachukua 10 bado 40, atakuja mkewe, asipewe shemeji". Hilo la shemeji ni sharti halali kabisa la biashara, na hakuna mfumo wenye kitufe chake.

Kwa hiyo wanaotengeneza mifumo, kabla hamjaongeza kipengele kipya, ombeni kusoma Maelezo. Ukiona jambo moja limeandikwa na wauzaji tofauti kwa namna tofauti tofauti, hilo linadai sehemu yake rasmi. Ukiona limeandikwa na mtu mmoja tu mara moja, liache hukohuko, Maelezo yanatosha.

Na kwa wanunuzi: ukionyeshwa demo, usikubali kuona soda ikiuzwa. Kila mfumo duniani unajua kuuza soda. Nenda na muamala wako mbaya kuliko yote wa mwezi uliopita, ule uliogombanisha watu, mwambie auingize mbele yako. Kisha muulize nikitaka data zangu zote leo, wateja, madeni, stoo, historia, nazitoa mwenyewe au mpaka nikupigie simu? Zinatoka kwenye faili la aina gani? Muulize pia nikianza kuuza nyaya kwa mita badala ya rola, nani anabadilisha kipimo, mimi au wewe, na kwa bei gani. Idadi ya ripoti iwe swali la mwisho.

Karibuni. Matangazo ya mifumo sitaki humu.

---

kijana_wa_kaunta

Siti ya mbele kabisa.

Hapo kwa shemeji umeniua mkuu 😂 Sisi kwetu kuna bidhaa inaitwa "TOFAUTI". Hesabu zisipokaa sawa jioni tunauza TOFAUTI. Bosi anajua, na ndiyo inayoongoza kwa mauzo.

---

mifumo_bei_poa

Wakuu tuna mfumo unaofanya yote hayo aliyotaja mleta uzi na zaidi. Njoo inboksi.

---

Karani Mkongwe

Mkuu nimeandika mstari wa mwisho pale. Lakini kwa kuwa umeshafika, tujibu hapa hapa hadharani: mteja wako anatoaje data zake?

---

mifumo_bei_poa

Njoo inboksi mkuu.

---

Mdau wa Thika Road

Salamu kutoka Kenya. Hili la watu kuudanganya mfumo limenikumbusha M-Pesa, kwa sababu wengi wanadhani tangu mwanzo ilibuniwa ya kutumiana pesa. Haikuwa hivyo. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu, na sehemu ya fedha ikitoka serikali ya Uingereza kupitia DFID, idara yake ya misaada ya wakati huo. Lengo lilikuwa mkopaji apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu, asibebe noti kila wiki kwenda nazo mkutanoni. Wateja wa majaribio hawakufika 500.

Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliokuwa wakiendesha mradi, waliandika baadaye walichokiona. Kuna waliolipa marejesho ya wenzao ili nao wafanyiwe jambo fulani. Wenye biashara walilaza mauzo ya jioni kwenye simu, maana benki zilikuwa zinafungwa mapema kuliko maduka ya mawakala. Msafiri aliweka pesa alikotoka akazitoa alikofika, asitembee nazo njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawarushia jamaa zao ushago. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye mpango. Wakati huohuo lile la mpango, yaani mikopo ya vikundi, ndilo lililosumbua: kuoanisha hesabu za Faulu na za mfumo kulikuwa kazi pevu.

Ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, mikopo iliwekwa pembeni na tangazo likawa kutuma pesa nyumbani. Wangeshikilia karatasi ya kwanza, leo tungekuwa na mfumo safi sana wa kulipia mikopo ya Faulu, basi.

Kitu kingine kinachosahaulika: menyu ilikaa ndani ya laini yenyewe, kwa hivyo hata mwenye kabambe (mnaziita vitochi) alihudumiwa. Mngeanza na simu janja mwaka 2007 mngehudumia mabosi wa Nairobi pekee.

---

Abunuwasi wa Tabata

WhatsApp nayo ni hivyohivyo. 2009 Jan Koum aliitengeneza iwe ya kuonyesha hali tu: nipo kazini, betri inaisha, nipo gym. Apple walipoleta taarifa zinazoruka kwenye skrini mwezi Juni mwaka huo, ukibadilisha hali yako wenzako wanapata mlio. Watu wakaanza kujibizana kwa kubadilisha hali. Jamaa akaona, akageuza kitu chote kikawa cha kutumiana ujumbe. Leo hizo hali zimerudi, tena zimejaa maandazi ya oda na vijembe.

---

programa_mchovu

Mkuu Karani, uzi ni mzuri ila sisi watengenezaji umetupakaza. Nisikilizeni na mimi.

M-Pesa ilikuwa na Vodafone nyuma yake. Mimi mteja ananipa laki nne ya mfumo mzima, anataka na nakala kwenye simu, na baada ya wiki anasema "kumbe nina tawi Kibaha". Matawi hukuyataja! Hicho si kitufe cha kuongeza, hapo stoo moja inakuwa mbili, bidhaa zinahama katikati, na mzigo ulioko njiani lazima uonekane ni wa nani. Ni kazi mpya. Nikimwambia bei ananiambia "si unabadilisha kidogo tu".

La pili, hiyo habari ya mfumo kukubali kila badiliko ina mwisho mbaya ambao hamuusemi. Niliwahi kufanya kazi sehemu ambayo kila kitu kilikuwa cha kuchagua: sarafu, vipimo, mpangilio wa risiti, hatua za kuidhinisha, mpaka jina la kitufe. Ukurasa wa mipangilio ulikuwa mrefu hadi kidole kinachoka. Kilichotokea ni kwamba hakuna mteja aliyeugusa. Walitupigia simu tuwawekee sisi, na kila mteja akawa na mfumo wake wa peke yake ambao hakuna anayeukumbuka vizuri. Hitilafu moja ukiirekebisha kwa huyu, kwa yule inazaliwa. Mimi ninapendelea mfumo mgumu unaofanya mambo matano vizuri, na la sita mteja aandike daftarini.

La tatu, badiliko si la mteja peke yake. Hata sakafu unayosimama inahama. Flash, ile programu ya kuendesha video, michezo na fomu ndani ya kivinjari, ilizimwa tarehe 31 Desemba 2020, kila mtu alishajulishwa miaka kabla. Mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa bado na fomu za Flash, na Januari 2021 ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe ili walipakodi waendelee kuzijaza. Taasisi kubwa ya nchi inatengeneza kivinjari kwa ajili ya fomu! Sasa mimi wa laki nne?

---

Karani Mkongwe

Programa, hoja ya pili nakuunga mkono mia kwa mia. Nami sitaki mfumo ambao kila kitu kinaweza kubadilishwa. Ninataka mjue ni wapi pa kuacha laini na wapi pa kukaza, na hapo ndipo wengi mnakosea, mnalainisha rangi na nembo, mnakaza kanuni za pesa.

Mfano wa kikoba. Kikundi kimeanza na riba ya asilimia 10 kwa mkopo. Katikati ya mwaka mkutano unapitisha ishuke iwe 5. Kuna mfumo nimeukuta, riba imekaa sehemu moja tu kwa kikundi kizima. Mweka hazina akaingia akabadilisha 10 kuwa 5, na mfumo ukapiga upya hesabu za mikopo yote, hata iliyokwisha kulipwa. Waliomaliza kulipa tangu mwezi wa tatu wakaonekana wanakidai kikundi. Mnajua kikao cha wiki hiyo kilikwendaje.

Dawa yake haihitaji ukurasa mrefu wa mipangilio. Kila kanuni iwe na tarehe ya kuanza kutumika, na kila mkopo ubebe kanuni uliotolewa nayo. Riba mpya inagusa mikopo mipya. Ni safu moja zaidi kwenye kanzidata, na inakuokoa siku bei zikipanda, siku kodi ikibadilika, siku mshahara wa kijana ukiongezwa.

Pa pili pa kulainisha ni hali ya muamala. Acheni kudhani kuna "umeuzwa" na "haujauzwa" tu. Kuna umelipiwa haujachukuliwa, umechukuliwa haujalipiwa, umelipiwa nusu, umerudishwa na pesa bado. Hata kama leo mteja anatumia mbili tu, weka nafasi ya kuongeza. Vipimo pia: nondo inanunuliwa kwa tani inauzwa kwa vipande, misumari inaingia kwa katoni inatoka kwa kilo na nusu kilo. Hayo matatu ukiyaweka vizuri, mengine kaza tu, hata mimi nitakutetea kwa mteja.

Na suala la laki nne, mweleze mteja mapema kwamba analipia mfumo mara moja na mabadiliko kila mwezi. Asiyetaka kulipia mabadiliko anunue daftari, halibadilikibadiliki.

---

programa_mchovu

Hiyo ya tarehe nimeikubali. Ya kulipa kila mwezi njoo uniambie umempata wapi huyo mteja.

---

nesi_wa_zamu

Kaka Karani na wenzako, mmetaja zahanati mkapita. Niwape ya upande wetu kwa sababu sisi tunatumia mfumo ambao umejengwa makusudi ubadilike.

Unaitwa DHIS2, ni wa kukusanya takwimu za afya. Mzizi wake ni Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo la kwanza lilikaa kwenye Microsoft Access, kompyuta moja moja. Hili la pili ni la mtandaoni. Kenya waliliweka nchi nzima mwaka 2011, sisi Tanzania tukafuata, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maabara yake. Leo wizara za afya za nchi zaidi ya 70 zinalitumia. Lilichofanya kwa akili ni kutofunga maswali ndani ya programu. Wizara yenyewe ndiyo inayosema tunataka kuhesabu nini, kwa umri upi, kila mwezi au kila wiki, na inaingiza bila kumsubiri mtu wa Oslo aandike programu upya. Ndiyo maana Sri Lanka mwaka 2020, Corona ilipoanza, waliweza kutengeneza humo haraka sehemu ya kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini, na nchi nyingine zikaichukua.

Hapo ndipo nawapongeza. Sasa shida. Kwa kuwa kuongeza ni rahisi, kila mradi unaokuja unaongeza. Malaria wana vyao, lishe wana vyao, chanjo wana vyao. Hakuna anayekuja kupunguza. Huku chini bado tunaandika kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za afya za kituo, kwanza, tunajumlisha kwa kalamu mwisho wa mwezi, ndipo tarakimu zinakwenda kuingizwa. Kwa hiyo kisanduku kimoja alichoongeza mtu wa ofisini kwa dakika moja, kwangu ni safu nyingine kitabuni, kila mgonjwa, kila siku. Mama ana uchungu hapo, mimi natafuta safu ya 31.

Ninyi watengenezaji mnapojisifu mfumo wenu unakubali mabadiliko, mjue mnayekubali mabadiliko yake mara nyingi ni bosi. Mimi ninayejaza hakuna kitufe changu cha kusema hiki hakitumiki, kitoeni.

---

Karani Mkongwe

Dada nesi, hilo nitalitembeza kila ninakokwenda. Sikuwahi kuona mfumo unaoonyesha sehemu ambayo haijafunguliwa na mtu yeyote mwaka mzima, ingawa kompyuta inajua.

---

mhasibu_asiyecheka

Mnazunguka mbuyu. Excel ipo. Inabadilika kadiri unavyotaka, huombi ruhusa kwa programa, hulipi kila mwezi kwa mtu wa mtaani. Ukitaka safu mpya unabofya. Ninaendesha hesabu za kampuni tatu kwenye Excel na ninalala usingizi.

---

Abunuwasi wa Tabata

Waingereza nao walilala usingizi. Mwaka 2020 kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, wagonjwa 15,841 wa Corona hawakuingia kwenye hesabu za England kwa sababu majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ule wa xls. Huo mwisho wake ni mistari 65,536. Kila kipimo kilikula mistari kadhaa, hivyo faili moja lilibeba watu kama 1,400 tu, waliobaki wakamwagika nje kimyakimya. Wagonjwa wenyewe walishapewa majibu yao, ila waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Na muundo mpya wenye mistari zaidi ya milioni ulikuwepo tangu 2007!

---

mhasibu_asiyecheka

Huo ni uzembe wa mtu, si wa Excel. Kampuni zangu hazina mistari 65,536.

---

programa_mchovu

Mhasibu, andika MARCH1 kwenye kisanduku chochote ubonyeze Enter uone. Wanasayansi wa jeni walihangaika na hilo miaka, majina ya jeni yanageuzwa tarehe, mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikaamua kubadilisha majina yenyewe. MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Microsoft walikuja kuweka namna ya kuizima tabia hiyo Oktoba 2023. Yaani jeni za binadamu zilibadilika kabla ya Excel.

Lakini sikukatalii kabisa. Nikipewa duka jipya ambalo hata mwenyewe hajajua atauza nini, naanza na Excel. Miezi michache ya faili lake la fujo inanifundisha kuliko kikao. Nikiona watu wawili wanaanza kugombania faili moja, nani kalifunga nani kafuta, najua wakati wa kuhama umefika.

---

mhasibu_asiyecheka

Hapo umesema kiutu uzima.

---

Mdau wa Thika Road

Na msisahau serikali, hiyo ndiyo inayobadilisha mahitaji bila hodi. Huku kwetu kuanzia 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki, mamlaka yetu ya mapato KRA hawaikubali kwenye hesabu za kodi, ukiacha vitu vichache vilivyosamehewa. Kuna wenye maduka walikuwa na mifumo mizuri tu, ila aliyeitengeneza alishaenda Qatar kutafuta maisha na hakuna mwingine mwenye msimbo wake, yaani maandishi yaliyounda programu yenyewe. Mfumo mzima ukatupwa kwa sababu ya kitu kimoja. Siku hizi nikishauri chama au duka nasema muulizeni: msimbo ukipotea na wewe, sisi tunabaki na nini mkononi?

---

mama_hisa

Habari zenu wanangu. Nimesoma wote, mengine yamenipita juu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama, tuko 28. Tuna sanduku la kufuli tatu, kila mtu na kitabu chake, na daftari kubwa la kikundi. Tunanunua hisa kila Jumamosi, kuna mfuko wa jamii, kuna faini, na Desemba tunavunja. Sasa tumesajiliwa kule Daraja la Nne kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, na tunatakiwa tuwe na kumbukumbu zilizonyooka. Kijana mmoja katuletea mfumo wa simu, wanachama tisa tu ndio wana simu janja, waliobaki ni vitochi. Halafu sisi tunabadilisha mambo kila mwaka: mwaka jana tuliongeza mkopo wa ada za shule, mwaka huu faini ya kuchelewa imepanda. Tununue au tusinunue?

---

Karani Mkongwe

Shikamoo mama.

Kwa ukubwa wenu msinunue sasa. Mfumo ambao watu 9 wanauona na 19 hawauoni utaleta maneno, hata ukiwa sahihi. Vitabu vya wanachama na daftari viendelee, hivyo ndivyo ushahidi wenu.

Ila mwambie mwanao au mjukuu akufungulie faili moja la Excel, na alipange hivi ninavyokueleza. Wengi wanachora jedwali kama daftari: majina upande wa kushoto, Jumamosi zote juu, safu kwa safu. Lipo zuri kwa macho, lakini siku mkibuni mkopo mpya au faini mpya linavunjika, inabidi lichorwe lingine. Yeye aweke mstari mmoja kwa kila tukio. Tarehe, namba ya mwanachama, aina, kiasi, maelezo. Basi. Aina ni neno: hisa, mfuko wa jamii, faini, mkopo, rejesho. Mkipitisha mkopo wa ada za shule, ni neno jipya tu kwenye safu ya aina, faili halichorwi upya. Anayetaka kujua Mama fulani ana hisa ngapi, Excel inajumlisha yenyewe. Na siku mkikua mkataka mfumo wa kweli, faili la namna hiyo linaingia popote, huyo kijana hatakuwa na sababu ya kuwatoza kuandika upya.

Akija tena na mfumo wake, mpe mtihani mmoja tu: mwanachama aliyekopa kwa masharti ya zamani, amelipa nusu, kisha masharti yamebadilika, kisha amefariki na mfuko wa jamii umelipa rambirambi. Auingize mbele ya kamati.

---

mama_hisa

Marahaba mwanangu. Huo mtihani nimeuandika. Lakini kwenye faili mtu akikosea kuandika, au akaandika kwa makusudi, mwenye kitochi atajuaje?

---

nesi_wa_zamu

Mama, kwetu kwenye kikundi cha watumishi kabla sanduku halijafungwa anasomwa kila mtu na jumla yake kwa sauti, naye anatazama kitabu chake. Asiyekubaliana anasema palepale. Haihitaji simu ya aina yoyote. Faili linajazwa baada ya hapo, kutoka daftarini, na mtu ambaye hashiki ufunguo.

---

mama_hisa

Hilo tunaliweza. Jumamosi nitaanza na faini za kuchelewa tu kwenye faili, hisa nitaziacha kwanza. Namba za wanachama nizipange kwa herufi?

---

Karani Mkongwe

Hapana mama, akijiunga mwenye jina la A zote zitasogea. Mpe kila mmoja namba yake ya kudumu kwa jinsi walivyojiunga, na akitoka namba yake asipewe mwingine.